Sahani za Kuazima

Jumanne nilikuwa dukani hapa Newala nikisubiri chenji, nikamsikia mama mmoja anayeozesha binti Jumamosi hii akibishana na wifi yake. Mwenye duka alikuwa ameshawawekea kwenye kaunta mafungu manne ya sahani za kutupa.

"Wakwe wanatoka Masasi mjini," alisema wifi, akizipigapiga zile sahani kama anayebembeleza mtoto. "Utawalisha kwenye sahani za kuazima, kila moja na jina la mwenyewe? Watasema tumeokoteza."

"Waseme."

"Na maji ya kuoshea je?"

"Kisima changu cha mvua bado kina maji." Mama akashusha sauti. "Wifi, tangu kaka yako afariki, nani anapiga hodi kwangu? Mtu akiniazima sahani, atakuja kuziangalia. Akija ataosha, na tukiosha tutaimba. Nikinunua hizi, Jumamosi nitabaki na takataka tu."

Wifi akamsukumia mwenye duka mafungu yake.

"Mimi ninazo dazeni mbili," alisema, macho yakiwa kwenye rafu za sabuni. "Ila zile za maua ni za wakwe. Wajomba zako wapewe za bati."

Nimehudhuria semina nyingi za mazingira, chai ikiletwa kwenye vikombe vya plastiki, na sijasikia mtaalamu akiuliza takataka zitabaki na nani.

Arusi yenyewe sikualikwa. Lakini jioni ile nilimpelekea yule mama sahani zangu sita, na sasa sina budi kwenda kuzilinda.