Fundo la Mama wa Omena

Mama wa omena pale Kisumu Ndogo haamini mtu, ndiyo maana miaka hii ya tisini Kibera nzima inamwamini. Ukinunua redio ya mitumba, pesa humpi muuzaji. Unampa yeye, pamoja na shilingi ishirini za kazi yake. Anazifunga kwenye pindo la leso, anakaza fundo kwa meno, kisha anaendelea kupima omena, dagaa wake wakavu wa ziwani. Muuzaji anangoja siku tatu. Redio ikinyamaza kabla ya hapo, pesa inarudi kwa mwenyewe, ikinuka ziwa zima.

Siku ya pili baada ya kununua yake, Nyongesa, fundi viatu wa Kawangware, alifika na redio kwapani na roho mkononi. Ndani ya redio alikuwa amekuta nusu tofali, na alikuwa ameinunua kwa pesa ya kodi ya nyumba. Kibaya zaidi, muuzaji alikuwa ameketi kando ya mama, akila ugali wake: kumbe ndiye mumewe. Nyongesa akajua amekwisha. Mama aliitikisa redio sikioni, mara mbili, kama anavyotikisa mkebe wa kupimia. Aling'ata fundo, akamrudishia pesa yote.

Nyongesa alihesabu pesa, akauliza: "Lakini mama, huyu si mzee wako?"

"Usiku ni mzee wangu. Saa hii ni muuzaji."

"Na ile ishirini yangu?"

"Hiyo nishaifanyia kazi." Kisha akamnyooshea mumewe mkono. "Na wewe, baba Amondi, lete ishirini ya kurudisha mali, ama leo utalala na hilo tofali."