Fast, Alisema Hogan

Toivo Rautio alivunjwa pua mara tatu, na zote tatu alizitafuta mwenyewe. Sisi Wafini wa kambi ya magogo ya Oregon tulimpenda hivyohivyo. Jumamosi asipomtandika mtu, tulidhani anaumwa. Mimi Selma, mpishi wao, ndiye niliyemshona nyusi kwa uzi wa magunia. Mtu mmoja tu hakuwahi kumwinulia mkono: Eino, mdogo wake.

Kiingereza Toivo alikiokota kwenye kufokewa. Kwake fast ilikuwa haraka, basi, maana kutwa mabosi walitupigia kelele fast, fast. Kumbe wenye lugha yao ni wachoyo wa maneno. Hilohilo hulitumia kwa kitu kilichofungwa kikakazwa, kisicheze.

Siku moja ya mvua niliwapandishia kahawa mlimani. Toivo alikuwa anazungushia kisiki waya ulioshikilia gogo nene kuliko ng'ombe. Eino alikuwa hatua chache chini yake, anakata matawi. Hogan, bosi, akapaza sauti kutoka juu: "Toivo! Huo waya, fast!"

Toivo akaharakisha. Akazungusha mara mbili, hakukaza, akaondoka. Waya ukachomoka, gogo likaporomoka likampitia Eino kiunoni. Mifupa niliisikia kwa masikio yangu.

Nilimkimbilia Eino, nikampakata kichwa. Toivo yeye alimpandia Hogan, na ngumi ya kwanza ikaondoka na meno.

"Umesema haraka, mbwa we!"

"Nimesema kaza! Kaza, mpumbavu!" Hogan alitema damu.

Toivo akasita, ngumi bado iko juu. Akanigeukia. "Dada Selma, wewe umekaa nao sana. Fast ni nini?"

Nikafungua mdomo. Eino akaniwahi.

"Haraka, kaka. Ni haraka tu, hamna nyingine."

Eino alikuwa baharia miaka sita kwenye meli za Waingereza, ambako kila kamba hufungwa kwa amri ya neno hilo. Alilijua kuliko mimi. Akanibana mkono, akanikazia macho.

Toivo akamrudia Hogan. Alimpiga kwa ngumi, kisha kwa buti, mwenzake akilia kwamba hana kosa, na kweli hakuwa nalo. Neno langu moja lingemwokoa. Naona haya kukiri, lakini nilinyamaza, nimeushika mkono wa Eino mpaka ukapoa. Wanaume watano walipofanikiwa kumng'oa Toivo pale, Hogan alikuwa amebaki na jicho moja.