Orodha ya Wapiga Kelele

Juzi nilipeleka ng'ombe wangu josho la Nyamwaga. Bwana mifugo, kijana mdogo tu, akawatoboa masikio, akawatia hereni za plastiki zenye namba, kisha akaniambia nizisome nihakikishe. Nikamwambia asome mwenyewe, si ndiyo kazi yake! Kijana wa watu akanywea. Hakuwa na kosa. Lakini ukinitajia kusoma mbele ya ng'ombe, ndugu yangu, damu yangu inachemka, na leo nakwambia kwa nini.

Nyumbani hatukuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mchungaji nilikuwa mimi. Asubuhi nakunywa uji wa ulezi huku bibi bado anakamua, naswaga ng'ombe hadi mtoni, nawakabidhi kwa bibi, ndipo nakimbia shule na kidumu cha maji mkononi, miguu inanuka zizi. Bibi ndiye aliyenifundisha alama. Kwetu kila boma lilikata masikio ya ng'ombe wake kwa namna yake: hawa wanakata ncha ya sikio la kushoto, wale wanatia pengo chini ya la kulia, wengine mapengo mawili. Ng'ombe akiibwa au akipotea, masikio ndiyo yanasema ni wa nani. Nilizijua alama za kijiji kizima kabla sijang'oka jino la kwanza.

Shuleni sasa! Herufi hazikutaka kukaa. Nikiikamata moja, ya pili imeshageuka. Nilikuwa darasa la pili kwa mwaka wa pili, na mwalimu wetu wa darasa alikuwa mgeni kutoka mjini, mtu wa kupandisha suruali akivuka uwanja asiguse mavi ya ng'ombe. Alinichukia, nami nilimchukia zaidi. Aliniita Kisiki. "Kisiki, simama usome." Nasimama, darasa linacheka, nakula viboko vyangu viwili, nakaa. Wenzangu walikuwa wanaisubiri saa hiyo kama sinema.

Na baba alikuwa ameshasema. Alisema mara moja tu, anakula ugali, bila hata kunitazama: nikirudia tena, sare hainunuliwi, nitakaa na ng'ombe. Usifikiri niliona sawa. Niliitaka shule. Darasa la tatu walikuwa wanachora ramani ya kijiji kwenye karatasi kubwa, na mimi nilikuwa nawachungulia dirishani nikiona wamekosea njia ya mtoni.

Wiki ya mwisho ya mwaka mwalimu akaingia na uso wa mtu anayetafuta wa kumchezea. "Kisiki, leo wewe ndiye kiranja. Niandikie wapiga kelele. Ukiniletea wote sawasawa, nakupeleka la tatu." Darasa likaangua kicheko, naye akacheka, akatoka nje kupiga simu. Wao walisikia mzaha. Mimi nilisikia darasa la tatu.

Sikuweza kuandika hata jina langu, basi nikaandika nilichokijua. Kila aliyefungua mdomo nilimchorea kichwa cha ng'ombe chenye masikio yaliyokatwa kama ya kwao. Ndugu wawili wa boma moja? Mkubwa nikampa pembe, mdogo nikamwacha kipara. Mara wenzangu wakaanza kuchungulia, kila mmoja akajiona. "Nifute bwana, mimi sijaongea!" akalalamika jirani yangu wa dawati. Aliongea. Sikumfuta. Wakafika kumi na mmoja.

Lakini aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa nje ya dirisha: mwalimu mwenyewe, anagombana na mtu kwenye simu kuhusu godoro, sauti inafika mtoni. Haki ni haki. Nikamchora naye. Sasa, mgeni hana ng'ombe kijijini, kwa hiyo masikio yake nikayaacha mazima. Kwetu ng'ombe mkubwa mwenye masikio mazima ni mpotevu, hana kwao.

Mwalimu akarudi, akachukua karatasi, akaigeuza huku na huku. "Hii nini?"

"Wapiga kelele, mwalimu."

Darasa likavunjika mbavu. Yeye akadhani wananicheka mimi, akafurahi, akaagiza ninyooshe mkono. Kiboko cha tatu kilikuwa kimeshatua mwalimu mkuu alipoingia kuuliza kuna nini. Huyu alikuwa mzee wa palepale kwetu, mwenye zizi lake. Tukasimama wote, "Shikamoo mwalimu!" Akaitikia, akapewa karatasi, akavaa miwani.

"Huyu wa kwa fundi baiskeli, yule mkubwa," akasema. Yule mkubwa akasimama. "Huyu binti wa mjane wa kisimani." Akasimama. Akaenda hivyo kichwa kwa kichwa, na kila aliyetajwa akasimama mwenyewe, hakukosea hata mmoja. Kisha akakuna ndevu. "Na huyu mpotevu ni nani?"

Macho yote, bila kuambizana, yakamgeukia mwalimu wetu. Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenzake alikuwa amekunja uso, anamuuliza ameona nini cha kuchekesha. Mkuu akanipiga bega, akasema, "Mwanangu, una kichwa wewe!"

Nilikimbia nyumbani mikono imevimba, nikamwambia bibi nimepita. Bibi akapiga vigelegele na kibuyu mkononi, maziwa yakamwagika, na hakujali.

Siku ya kufunga shule nikaleta ripoti, jirani akatusomea. Arudie darasa. Saini ya mwalimu wa darasa, na chini yake mhuri na saini ya mwalimu mkuu. Nilirudi mbio mpaka ofisini kwake, sikubisha hata hodi. Nikamuuliza kwa nini. Hakunikaripia. Alitabasamu, akasema, "Mwanangu, fomu ina kusoma, kuandika na kuhesabu. Masikio ya ng'ombe hayana mahali pake."

Baba alishika neno lake. Januari wenzangu walipita na sare mpya, mimi nimesimama na fimbo kando ya njia, na jirani yangu wa dawati akanipungia mkono.

Shule ile wameshaibomoa, wakajenga nyingine. Bibi hayupo. Wale kumi na mmoja wametawanyika, wengine Sirari, wengine ng'ambo ya mpaka, wengine machimboni Nyakunguru. Mwalimu mkuu alipofariki nilikwenda mazishini, nikachota maji kama wanawake wengine, nikasikia wakimwita baba wa elimu. Sikulia. Yule mgeni nilimsamehe zamani, kwa sababu karatasi yangu ilimshinda kusoma. Huyu mzee wetu aliisoma yote, mbele ya darasa zima, bila kukwama. Halafu akasaini.