Mwisho wa Maneno ya Mama

Mama yangu aliamini filamu kuliko alivyomwamini chifu. Tulipopata televisheni ya sola hakujali tamthilia. Alitaka zile za mambo ya kweli: barafu inayeyuka huko mbali, daktari anapasua chura, mzee anayelala chumba kimoja na fisi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Uriri, cha bei na vipimo basi, kwa hiyo nilimtafsiria kwa Kijaluo huku akibishana na skrini. "Huyo wa fisi hana mke wa kumkanya?" aliuliza. Wifi yangu, mke wa kaka, aliketi kando yake. Kwa hao wawili jambo likishasemwa kwenye filamu limekwisha.

Mama alisafisha dhahabu tangu nikiwa mtoto. Machimbo yako nyuma ya shamba letu, upande huu wa Migori. Wanaume hushuka shimoni, wanawake husaga mawe yawe unga, wakauosha kwenye karai, kisha wakamimina zebaki, ambayo sisi huiita mekyuri, na kuikanda kwa mikono mitupu hadi inase chembe za dhahabu. Kidonge kinachopatikana mama alikichoma jikoni, juu ya jiko lilelile la ugali. Mikono ilipoanza kutetemeka alisema ni uzee. Ulimi ulipoanza kuwa mzito, majirani wakawa na jibu lao: chira.

Kwetu chira ni ugonjwa unaomkausha aliyevunja mwiko, na wakikutafutia mwiko hawakosi. Mwaka fulani mvua ilikuja mapema na mama akapanda mahindi kabla ya mama mkwe wake kupanda. Mke wa mwana hafanyi hivyo. Basi, watu wakaacha kupokea kikombe kutoka mkononi mwake, na hata wifi akaanza kujipakulia mwenyewe.

Ndipo wakaja watu wa filamu kutoka Nairobi. Walikuwa wanatengeneza habari za mito, ziwa na watu wasio wa kawaida, na mtu fulani aliwaambia kuna mama anayetetemeka. Mimi sikutaka. Mama alitaka, tena sana, kwa kuwa sasa alikuwa ameshajua ni mekyuri inayomla. Wifi alikuwa akikanda mekyuri kila siku, mtoto mgongoni, na kila akionywa alicheka, "Si hii ndiyo inatulisha?" Kwa mama hakusikia, ila kwa filamu angesikia.

"Mum, songa kidogo huku kwa light," walimwambia. "Usiangalie camera, angalia mimi."

Sasa, mama alikuwa na namna yake ya kusimulia, na wazee wengi wa kwetu wanayo. Kwanza anayachukua maneno ya watu na kuyasema kana kwamba ni yake. Ananyamaza, anakuacha ushtuke. Kisha ndipo anakuambia ni ya nani. Akasema hivyo hivyo, kwa Kijaluo, polepole kwa sababu ya ulimi: "Ndiyo, nilipanda kabla ya mama mkwe wangu. Nina chira. Mikono hii ni chira." Akanyamaza. Kisha: "Hivyo ndivyo wanavyosema. Waongo. Ni mekyuri. Mke wa mwanangu, ondoa mikono yako humo." Mkalimani waliyekuja naye alitafsiri yote, neno kwa neno. Wifi alikuwa machimboni, lakini mimi nilikuwepo, na sina ugomvi na mkalimani.

Filamu ilipokamilika ulimi wa mama ulikuwa umeshakufa. Alitoa sauti, lakini maneno hayakutoka tena. Ilionyeshwa katika ukumbi wa hoteli moja Homa Bay, mjini ninakouza vipuri vya pikipiki, na mimi ndiye niliyewaleta mama na wifi, nikawakalisha mbele. Tuliona ziwa, tukaona mtaalamu akiinua chupa ya maji ya mto. Kisha uso wa mama ukajaa ukuta mzima. "Nina chira. Mikono hii ni chira." Akanyamaza. Kinanda kikaanza kulia, jua likazama, wakahamia kwa samaki.

Walikuwa wamekata pale. Mtu aliyeketi Nairobi, asiyejua Kijaluo, aliona kimya cha mama akadhani amemaliza. Wifi aliivuta kanga yake mabegani na kusogea pembeni ya kiti.

Mama alisimama. Alikuwa anataka kusema, akainua mikono, kinywa kikawa kinafanya kazi bure. Mwenye kipaza sauti akasema, "Huyu ndiye mama yetu! Makofi ya kilo, tafadhali!" Wakapiga makofi mpaka akaketi.

Nilimfuata mwenye filamu nje. "Mmekata maneno yake!"

"Dada, story ilikuwa inaflow poa pale. Na hiyo mambo ya mercury si mtaalamu ameieleza?"

Nilimtukana tusi ambalo mama angenizaba kofi kwa kulitamka. Alinisikiliza kwa adabu, akaagiza niletewe soda. Nilimwachia soda yake.

Kipande hicho kiko kwenye simu yangu, na kwenye simu za watu wengi. Mama hunionyesha kwa kidole nikiweke. Midomo yake huifuata sauti yake mwenyewe, na kinanda kinapoanza yeye haachi. Anaendelea hadi mwisho, bila sauti, na mimi humwangalia mpaka amalize, nikilia.

Mvua za masika zilipofika nilikuwa nyumbani. Wifi alikataa kugusa jembe kabla mama hajapanda. Alimshika mkono hadi shambani, akamwekea mbegu za mahindi kiganjani. Zikamwagika. Akaziokota, akamwekea tena, kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwake, mpaka mbegu moja ikaanguka kwenye shimo.

"Asante, Mama," alisema. "Sasa watoto wangu wamepona."

Mama alimkamata kiganja, akafungua kinywa.

"Anasema ni mekyuri," nikasema. Nimeshasema hivyo hadi nimechoka.

"Wifi, alisema mwenyewe kwa filamu. Si sote tuliona?" Alivitoa vidole vya mama kimoja kimoja, taratibu, asimuumize. Akafunga mtoto mgongoni, akachukua karai na kichupa chake cha mekyuri, akashuka machimboni.