Salamu Zilizochemsha Mashine

Kiangazi chetu cha kwanza Bujumbura, joto liliweza kuivisha yai ndani ya mfuko wa suruali. Nasema kweli, au karibu na kweli. Chumba tulichopanga, mimi na yaya wangu, dada yangu mkubwa, kilikuwa na bati bila dari. Kufikia mchana hata mijusi walishuka ukutani kuja kuomba maji. Mwenye nyumba alinicheka: "Weye umetoka Uvira, ng'ambo tu hapo. Joto inakushangaza nini?" Hakukosea. Jua ni lile lile, ziwa ni lile lile, na nikisimama nyuma ya choo niliiona milima ya kwetu. Ila joto la kwetu nilikuwa na ruhusa ya kulilalamikia. La ugenini unalipokea kama mgeni anavyopokea chakula: unamaliza, unashukuru.

Tulikuwa tumevuka mpaka wa Kavimvira na magodoro, sufuria, na kompyuta yangu ndani ya gunia la muhogo. Papa, baba yetu, alibaki kulinda nyumba. Watu walilia pale mpakani. Mimi nilichekesha mstari mzima, nikamwambia afisa wa forodha kwamba godoro ni mke wangu. Tangu siku ile sikusikia kitu ndani yangu. Si huzuni, si hamu, wala njaa. Kama mguu uliokufa ganzi, ila mwili mzima.

Ndipo nikaanza kujifunza programu mtandaoni. Diploma yangu ni ya shule ya jioni, niliipata nikisinzia kishujaa kuliko mwanafunzi yeyote wa Kivu nzima, kwa hiyo kusoma nikiwa nimechoka ni kipaji changu. Masomo yalikuwa bure, lakini mara moja tu. Mwishoni kulikuwa na mtihani mbele ya mwalimu, kwa video. Ukipita, unapewa kazi ya kusaidia wanafunzi wapya. Ukianguka, basi. Yaya aliniambia wazi: "Ile kazi ndiyo itatutoa chini ya hii bati. Usicheze."

Zoezi lenyewe lilikuwa kutengeneza programu inayomsalimia mtu. Wenzangu waliandika mistari michache wakaenda kulala. Mimi niliifanya isalimie kama kwetu. Iliuliza habari. Ukijibu salama, iliuliza habari ya nyumbani. Watoto? Salama. Ng'ombe, majirani, usingizi? Salama, salama, salama. Maswali yakiisha ilirudi juu kuanza upya, maana kwetu mtu akikusalimia mara moja akapita, unabaki ukijiuliza umemkosea nini. Na ili nisichoke kuandika majibu, niliifundisha mashine ijijibu yenyewe: salama.

Basi ikawa inajisalimia. Feni yake ililia kama pikipiki iliyopakia mahindi ya Luvungi yote, ikapata moto wa kunyooshea shati, ikazima. Kesho yake vile vile. Nililaumu joto. Na mtihani ulipangwa saa saba mchana, wakati ambao hata shetani anatafuta kivuli.

Yaya aliuza ndagala, akiwaanika nyuma ya nyumba juu ya kichanja cha wavu. "Leta hiyo mashini," akasema. "Samaki inapata upepo chini na juu. Nayo ipate." Siku ya mtihani tukaianika katikati ya ndagala, tukatundika kitenge kilicholowa juu yake.

Mwalimu, mama mmoja wa nchi za mbali, alitokea kwenye kioo. Akatazama programu ikijisalimia. Akasubiri. Akasubiri tena. Feni ilianza kulia.

"Inasimama lini?" akauliza kwa Kifaransa.

"Nini, madamu?"

"Hizi salamu. Zinazunguka bila pa kutokea, ndiyo maana mashine yako inaungua. Huko kwenu, watu wanaachaje kusalimiana?"

Nikamgeuzia yaya swali, naye akajibu huku akifukuza nzi: "Si mumoja akisema haiko salama? Hapo unamuvutia kiti, unamuambia kaa, eleza. Weye umesahau?"

Nikatafsiri. Mwalimu akasema: "Basi andika hivyo."

Vidole vilijua kazi yao. Jibu lisipokuwa "salama", acha kuuliza, andika: Kaa, eleza. Nikaijaribu kwa jibu baya. Ikasimama. Feni ikatulia, nikasikia ndagala wakitatarika juani.

"Umepita," akasema mwalimu.

Yaya aliruka mpaka ndagala wakamwagika, akapiga vigelegele vilivyosikika, nadhani, hadi Kalemie. Mimi nilitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyesikia mke wa jirani amejifungua.

Jioni ile Papa akapiga simu kutoka Uvira.

"Habari ya huko?"

"Salama, Papa."

"Yaya yako?"

"Salama. Nimepita mtihani."

"Mungu asifiwe! Na joto?"

"Salama."

"Na weye mwenyewe?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, limepangwa. Nikalirudisha.

"Miye siko salama, Papa."

Kisha nikasikia kiti kikivutwa juu ya sakafu ya nyumba yetu.

"Kaa," akasema. "Eleza."

Nikakaa chini kando ya kichanja. Sikuwa na la kueleza. Ndani mlikuwa na ganzi ile ile. Papa, ambaye hukata simu kabla hujamaliza kusema alo, safari hii aliacha unite za simu ziende, akinisubiri.