Mkungu Uliobaki Madhabahuni

Evodia hakuwa mtu wa kukariri mistari. Wapo wengi huku kwetu Izigo wanaoweza kukutajia sura na mstari haraka kama wanavyotaja majina ya watoto wao, halafu Jumatatu wanasogeza fensi yao hatua mbili ndani ya shamba la mjane. Evodia yeye alikuwa akisoma neno, analifanya. Aliposoma kwamba mvunaji asichume shamba lake mpaka ukingoni, msimu wa kahawa aliiacha miti inayopakana na njia ili wasio na kitu wapite wachume. Watoto wake walilalamika kwamba baadhi ya hao wachumaji wana mashamba makubwa kuliko lao. Aliwajibu kwamba Mungu hakusema wapimwe kwanza. Akigombana na mtu asubuhi, jua halikuzama kabla hajapiga hodi kwake. Jirani yake Zabibu, ambaye ni Mwislamu, alizoea kumtania akimwona anaingia uani saa kumi na moja jioni: "Haya, shoga, leo umenikosea nini tena? Mimi hata sikuwa nimejua."

Huyo ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa letu kwa miaka kumi na mmoja. Mtu aliyeyachukua Maandiko kama maagizo ya kazi ya siku. Ndiyo maana ninashindwa kumsimulia bila uchungu.

Kaka yake mkubwa, Kamala, alikuwa na binti mmoja tu, Violeth. Kwetu Wahaya shangazi si mgeni katika maisha ya binti wa kaka yake. Ndiye anayemfunda, ndiye anayemsindikiza siku ya kuolewa, na binti akikosea, shangazi ndiye wa kwanza kuitwa na wa kwanza kumwombea. Violeth alikwenda Bukoba mjini kushona nguo, akapanga chumba Kibeta, na baadaye akaanza kuishi na fundi umeme bila ndoa. Habari zilipofika, jina lake lilisomwa kanisani: ametengwa, hatashiriki meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya washarika. Mwaka uliofuata yule fundi alileta posa, ikapokelewa, harusi ikapangwa Desemba. Mwezi wa tisa Violeth aliumwa kichwa siku tatu, na siku ya nne akafa.

Mwili uliletwa nyumbani Ijumaa asubuhi. Kaburi lilikuwa limechimbwa kibanjani kwa baba yake, katikati ya migomba, karibu na babu na bibi. Mchungaji alikuwa safarini, kwa hiyo uamuzi ulibaki kwa mwinjilisti Mwijage na wazee sita. Walikaa ofisini kwa muda usiofika robo saa. Mwijage aliniambia baadaye kwamba aliingia humo akitaka kumzika. Posa ilikuwa imepokelewa, alisema, binti alikuwa njiani kurudi. Wazee wawili waliafiki. Kisha wote wakamgeukia Evodia, shangazi wa marehemu, wakimsubiri aombe. Angelia tu, bila kusema neno, shauri lingekwisha.

Evodia alisema, "Mwaka juzi tulikataa kumzika mtoto wa Ephrasia kwa sababu alikuwa ametengwa, na Ephrasia hakuwa na ndugu humu ndani. Leo tukimzika wa kwangu, yeye tutamwambia nini?"

Shauri likaishia hapo: kanisa halitamzika. Najua alichokuwa akifikiri. Alikuwa ameshika neno linalokataza kupendelea watu, akalishika kwa mikono miwili kama alivyoshika mengine yote, hata lilipokuwa linaikata damu yake mwenyewe. Na katika chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba usawa ungeweza kuja kwa njia nyingine: kwenda kwa Ephrasia, kumwomba radhi, na kuwapa heshima watoto wote wawili. Tulikuwa na kanisa zima la watu waliobatizwa, na tulimdai toba msichana aliyelala ndani ya jeneza.

Kengele haikupigwa. Kwaya haikuvaa majoho. Mimi nilikuwa katika kwaya hiyo, na siku ile nilisimama nyuma na wanaume wengine nikitazama viatu vyangu. Kamala alipoona kwamba hakuna atakayekuja na kitabu, alisogea mwenyewe kwenye ukingo wa kaburi. Alisema, "Violeth, nilikupeleka kwao ukiwa na miezi miwili, wakakupokea. Leo hawakutaki. Basi nakurudisha mimi." Halafu akaanza Baba Yetu. Wengine walimfuatisha. Wengine walimtazama Evodia kwanza, waone kama inaruhusiwa.

Baada ya matanga Kamala alihama. Aliacha kibanja mikononi mwa mpwa wake, akaenda Kagoma na mkewe Klaudia, akaanza kununua ndizi za wakulima na kuzipakia kwenye malori. Hakumsalimia tena dada yake. Evodia, ambaye jua halikuwahi kuzama juu ya ugomvi wake, alikaa na ugomvi huo miaka miwili. Alipoulizwa alisema hakumkosea mtu, alifuata sheria ya kanisa.

Ikaja sikukuu ya mavuno. Evodia alileta mkungu wa ndizi mkubwa, ikabidi vijana wawili waubebe mpaka mbele ya madhabahu, ulipowekwa pamoja na mihogo, maharage na kuku wa watu. Mwijage alisoma lile neno la Yesu kuhusu mtu anayeleta sadaka, akakumbuka pale pale kwamba ndugu yake ana kitu dhidi yake: aiache sadaka, aende kwanza wapatane. Tumelisikia mara ngapi? Tunalisikia, tunaimba, tunaingia kwenye mnada wa sadaka. Evodia aliinuka, akaenda mbele, akamwambia Mwijage kwa sauti ya chini kwamba mkungu wake usinadiwe, ubaki hapo hapo mpaka atakaporudi. Akatoka nje. Kwenye mabenchi ya wanaume mtu alisema Mama Evodia amekumbuka sufuria jikoni, na watu wakacheka.

Alipanda bodaboda mpaka Kagoma. Kamala alikuwa uani akifunga mikungu kwa kamba za migomba. Dada yake alipiga magoti, akasalimia. Kamala aliendelea kufunga. Klaudia alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyoletewa mtu yeyote anayeingia nyumbani.

"Mpe," Kamala alisema bila kuinua kichwa. "Mgeni ni mgeni."

Evodia aliniambia kwamba neno hilo, mgeni, lilimuuma kuliko tusi. Alisema amekuja kuomba msamaha.

"Umetoka kanisani?"

"Ndiyo, kaka. Sadaka yangu nimeiacha mbele."

"Kumbe. Kwa hiyo nikikusamehe upesi, utawahi mnada."

Evodia alirudi jioni ile, akapita kanisani, akautazama mkungu, akauacha. Jumapili iliyofuata ulikuwa umeanza kuiva. Ya pili, harufu yake ilijaa kanisa zima na nzi walimzunguka Mwijage akihubiri. Rwekaza, mtunza hazina, alitaka uuzwe kabla haujaharibika, Mwijage alikataa. Katika wiki ya tatu wenye zamu ya usafi waliutupa shimoni. Evodia alipopaona pale mbele patupu alisema ni sawa tu, maana hata kama ungekuwapo, bado asingekuwa na haki ya kuutoa.

Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda Kagoma. Safari ya nne ndipo Kamala alipomwambia la maana. "Wewe ulimkataa mwanangu mbele ya wazee," alisema, "mimi unaniomba radhi mbele ya mikungu. Nenda kaseme pale pale uliposema."

Akaenda. Wakati wa matangazo alisimama mbele ya washarika wote, akasema kwamba wengine walitaka kumzika Violeth na yeye ndiye aliyewazuia. Alisema alijiona mwenye haki kwa sababu ilimgharimu, akadhani kila kinachomgharimu mtu kinatoka kwa Mungu. Akaomba Mwijage aende kwenye makaburi yao kusoma ibada ya mazishi kwa Violeth na kwa mtoto wa Ephrasia.

Baraza la wazee lilijibu Jumatano. Hakuna utaratibu wa kumzika aliyekwisha kuzikwa. Nimeiona barua hiyo, ina muhuri. Siku hiyo hiyo Evodia alijiuzulu uzee wa kanisa, kisha akaenda kwa Ephrasia, akapiga magoti mlangoni. Ephrasia alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye anayemwombea mwanawe kila asubuhi, na ameshazoea kuifanya kazi hiyo peke yake.

Jumamosi Evodia alikwenda kibanjani kwa kaka yake akiwa na kitabu cha ibada. Mwijage ndiye aliyemwazima, na alimpa bila kumuuliza wa nini. Evodia alikuwa ametuma ujumbe Kagoma, bila kutegemea kitu. Lakini alipofika, Kamala na Klaudia walikuwa wamesimama kati ya migomba, na mimi na wanakwaya watatu tulikuwa tumekuja na majoho yetu.

Alisoma yote, polepole, kama mtu asiyezoea kusoma mbele ya watu. Palipohitaji jina la marehemu alilitaja, akalitaja tena. Tuliimba. Klaudia alilia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu siku ile ya Ijumaa. Evodia alichota udongo kidogo kwa mkono, akaumwaga, akamgeukia kaka yake.

"Umemzika vizuri," Kamala alisema. Macho yake yalikuwa makavu. "Umesoma vizuri. Lakini umechelewa miaka miwili, dada, na mimi sijui niiweke wapi miaka hiyo."

Alivaa kofia yake, akaanza kupanda kuelekea barabarani. Evodia alimfuata huku magoti yake yana udongo, akamuuliza kama anaweza kuja tena Jumapili. Kamala alimsaidia mkewe kupanda bodaboda, akapanda nyuma yake, wakaondoka.

Jumapili Evodia alikwenda.