Waya wa Skrini

Fundi wa kompyuta hana salamu kwenye simu. "Waya wa skrini umeuchomeka wapi?" ndivyo anavyoanza, kwa sauti ya mzazi anayemuuliza mtoto kama amenawa. Mpiga picha za harusi, aliyekuwa akisubiri kwenye kigoda, alimsikia hivyo asubuhi nzima. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa imewekewa kadi mpya ya kuonyesha picha kwenye skrini na kuongezewa memori, na tangu hapo skrini ni giza, huku bibi harusi anaingoja video yake. Fundi hushika chuma cha kasha kwanza, umeme wa mwilini umtoke, kabla ya kugusa kitu chochote ndani. Kisha huchomoa memori, huisugua meno kwa kifutio cha penseli, na kuirudisha kwa vidole gumba vyote viwili mpaka ilie ta. "Amka, mzee wangu," huiambia mashine akiiwasha. Safari hii feni ikazunguka, giza likabaki palepale.

"Fundi," mpiga picha akasema taratibu, "na wako huo waya je?"

Ulikuwa kwenye tundu la zamani, kadi mpya haina kitu. Fundi akauhamishia kwenye kadi, skrini ikawaka. Simu ikalia, mteja mwingine. Akaitazama kwanza, ndipo akaipokea. "Hujambo, mama? Habari za hapo nyumbani? Watoto hawajambo?" Mpiga picha akabeba mashine yake, akamwacha bado anaulizia hali ya shangazi.